Kunde Zilizovuka Bahari

Jumapili, 4 Novemba 2018. Riyadh

Leo nimemwona mtu akifungua pakiti ya mbegu kama anayefunua uso wa mtoto mchanga.

Mgeni wetu amefika: Profesa Lorene Tisdale, kutoka Chuo cha Pine Hollow, Alabama, Marekani. Idara ya kilimo iliyoniajiri kama afisa wa mashamba ya majaribio imetia sahihi mkataba wa ushirikiano na chuo hicho na shirika la kilimo la serikali ya kwao, ili tutafute mimea ya chakula inayovumilia maji ya chumvi. Nilikuwa nimejiandaa kumpokea Mzungu. Kumbe ni mama mweusi kunishinda mimi, mrefu, mvi amezikata fupi, na anafanana na shangazi yangu wa Butere hadi nusura nimwamkie kwa lugha ya nyumbani.

Mhandisi Turki, bosi wangu, alimkaribisha kwa kahawa na tende kisha akatazama saa. Nimefanya kazi chini yake muda mrefu na sijajua kama ana meno.

Profesa akamimina mbegu kwenye kiganja. Kunde! Ndogo, nyekundu iliyoiva, na jicho jeusi. "Hizi zilivuka bahari tumboni mwa meli pamoja na watu wangu," akasema. "Walipoachwa huru, hawakuwa na ardhi wala nyumba, lakini kunde walikuwa nazo. Walipoanza chuo chetu, walifyatua matofali mchana na jioni wakala hizi. Tumezipanda kila mwaka tangu siku hiyo."

 Kwetu tunazila kila wiki, majani yake tunayaita likhubi, na sikuwahi kuzitazama mara mbili.

Mhandisi akauliza, "Zinavumilia chumvi kiasi gani?"

Nilitamani kumfinya.

Jumatano, 7 Novemba

Profesa hataki kuitwa Profesa. Anataka Mama Lorene. Nimejaribu mara mbili, ulimi ukagoma.

Jumatano, 14 Novemba. Jeddah

Tumepanda. Riyadh usiku una baridi, kunde zingedumaa, kwa hiyo shamba lenyewe liko huku, kwenye uwanda ulio kati ya mji na milima, ndani ya ua wa nyaya. Maji yanatoka kisimani. Nimeyaonja, yana chumvi kama machozi. Mama Lorene aliingia mstarini akiwa ameinama kama sisi, akafukia mbegu kwa kisigino. Ni mama wa miaka sabini na kitu, jamani.

Jioni dereva wetu Zablon, kijana wa Kitale anayeishi mtaa wa Manfuha kule Riyadh na anayejua kila mahali panapopikwa chakula cha Kenya, akatupeleka mtaa wa Karantina kwa mwanamke anayeuza chapati na maharagwe chumbani kwake. Anaitwa Rosebellah. Alikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika jumba moja la Al-Malqa, Riyadh. Mambo yakamzidia akatoroka, pasipoti ikabaki kwa kafili, mwajiri aliyemdhamini. Hana ikama, kile kibali cha kuishi nchini. Anaishi hivyo miaka mingi sasa, akitoka nje kwa kuchungulia kwanza.

Niliketi ukingoni mwa mkeka, mkoba mapajani. Askari wakivamia mahali kama pale, hawaulizi nani ana mkataba na nani hana. Lakini Mama Lorene alivua viatu, akajinyoosha mkekani, akala chapati akifumba macho.

"Yule mama ni wa wapi?" Rosebellah akaniuliza kwa Kiswahili.

"Amerika. Wazee wake walichukuliwa utumwani. Amekuja na kunde walizoenda nazo."

Rosebellah akaacha kukanda unga. Akaenda akamwongezea mgeni chapati nyingine bila kuombwa.

Ijumaa, 23 Novemba

Mvua Jeddah. Barabara zimekuwa mito. Nimeshinda nikiwaza mbegu.

Jumanne, 27 Novemba

Zimeota! Zimeota zote, kwenye mchanga ule, kwa maji yale. Mama Lorene alisimama ukingoni mwa shamba, mikono kichwani, akinong'ona majina ya watu. Nadhani ni ya wazee wake. Nikasogea mbali nimwachie nafasi.

Jumapili, 9 Desemba. Riyadh

Ofisi. Karatasi. Hakuna jipya.

Jumanne, 25 Desemba. Jeddah

Krismasi, na kazi kama siku yoyote. Zablon ameleta mandazi kutoka kwa Rosebellah. Tuliimba wimbo mmoja ndani ya gari, madirisha yamefungwa. Mama Lorene ana sauti nzito ya kutetemesha kioo.

Jumatano, 9 Januari 2019

Nimefika shambani mapema nikamkuta Mhandisi Turki peke yake. Kanzu yake nyeupe ilikuwa imejaa udongo magotini. Ameshika jani la kunde kati ya vidole viwili kama mtu anayepima kitambaa cha thamani.

Hakunisikia hadi nikasalimia. Akainuka, akajipangusa. Nilidhani atatazama saa. Badala yake akaanza kuongea, kwa Kiingereza chake cha polepole.

"Babu yangu alikuwa na shamba la mitende na ngano. Kisima kikaanza kuingia chumvi. Alimwagilia hivyo hivyo kwa sababu hakuwa na maji mengine. Ngano ikafa kwanza, halafu mitende michanga. Nilikuwa mdogo. Nilimwona akionja udongo. Aliuonja akautema, akaingia ndani, na hakulima tena."

 Nikasema, "Pole, Mhandisi."

"Zina maua," akasema. "Maji haya haya, na zina maua." Akacheka. Ana meno, tena mazuri.

Usiku huu naandika nikijiona mjinga. Lile swali lake la siku ya kwanza, nililodhani ni la mtu asiye na moyo, ndilo swali alilolibeba tangu utotoni.

Jumapili, 20 Januari. Riyadh

Habari za nzige. Wamezaana ng'ambo ya Bahari ya Shamu na wengine wameshaonekana pwani upande wa huku. Mama Lorene ameuliza kama tuna dawa. Mhandisi akaeleza: magari ya kupulizia yapo, lakini shamba letu likipuliziwa, majani hayatapimwa tena kama chakula, na kupima chakula ndiyo shabaha nzima ya ushirikiano huu. Tuombe upepo mwema.

Alhamisi, 31 Januari. Jeddah

Maganda yamejaa. Upepo unatoka kusini.

Jumatatu, 4 Februari

Wamekuja.

Tulikuwa shambani sote wanne, alasiri, tukifunga alama kwenye mistari. Zablon ndiye aliyesema, "Dada Selipher, hebu angalia kule. Hiyo ni vumbi ama ni nini?" Upande wa kusini palikuwa na pazia la rangi ya waridi, linapanda na kushuka. Lilikuwa zuri. Naomba nisamehewe, lakini sijaona kitu kizuri namna ile. Jua liliwapiga mabawani, pazia zima likameremeta kama maji. Kisha sauti ikafika, mchakacho mpana kama mvua inayosogea juu ya mabati ya mji mzima, na mwanga ukapungua.

Wakatua. Kwenye nyaya, kwenye kofia zetu, kwenye gari, kwenye kila jani. Mashina ya kunde yaliinama kwa uzito. Mama Lorene alisimama katikati yao, nzige wamemjaa mabegani, mdomo wazi. Hakupiga kelele. "Mungu wangu," alisema tu, "Mungu wangu, ni wengi jinsi gani."

Tuliwapiga kwa magunia, kwa jaketi, kwa vifuniko vya ndoo. Ukiwafukuza hapa wanatua pale. Waliutafuna upande wa kaskazini tukiwatazama. Sauti ya kutafuna ilisikika.

Mhandisi alipiga simu kila mahali. Magari yote ya dawa yako kwenye mashamba makubwa ya pwani, na lililo karibu haliwezi kufika kabla ya kesho jioni. Jua likazama, baridi ya milimani ikashuka, na nzige wakaanza kutulia, mmoja mmoja, kama taa zinazozimwa.

"Wamelala," Mhandisi akasema. "Bibi yangu alikuwa akiwaokota alfajiri, kabla jua halijawapasha moto. Hawaruki. Unawachuma kama tende. Kukipambazuka tu na kukapata joto, wataamka na njaa." Akatutazama. "Lakini sisi ni wanne."

Hizi mbegu zilipita kila kitu, zikaja kufia mikononi mwetu kwa kukosa mikono. Nikaenda nyuma ya gari nikampigia Rosebellah.

"Nahitaji watu, dada," nikamwambia. "Watu wengi, kabla ya jua. Kuokota nzige."

"Wapi?"

"Shamba la serikali."

 Nilisikia sufuria zikigongana upande wake.

"Ni kunde za yule mama?"

"Ndizo. Rosebellah, usipotaka sitakulaumu. Wengi wenu hamna ikama. Hata sijui kama nina haki ya kukuomba."

"Ushaomba," akasema. "Ngoja niulize watu."

Nikarudi kwa Mhandisi. "Nimeita watu."

"Watu gani?"

"Watu."

 Ananifahamu, na anaifahamu Jeddah. Akageukia ua, akafungua kufuli la lango, akaliacha likining'inia.

Jumanne, 5 Februari

Nitaandika yote kabla sijalala, kwa kuwa nikiamka nitadhani niliota.

Walikuja kungali kiza cha alfajiri. Kwanza gari moja kuukuu, taa zimezimwa. Kisha jingine. Kisha watu kwa miguu kutoka barabarani. Nilitarajia Wakenya wachache. Rosebellah alikuwa amegonga milango yote ya Karantina: wanawake wa Kihausa na vitambaa vyao vikubwa, wanaume wa Chad wenye magunia, Waeritrea, Wasudani, Waganda wawili waliokuwa wamevaa bado sare za ulinzi. Walishika ndoo, foronya, vyandarua. Hakuna aliyeuliza atapata nini. Walipita langoni wakitazama huku na huku, mabega yamejikunja, wakaingia mistarini.

Mhandisi aliwaonyesha kwa mikono: toka chini ya jani, taratibu, usivunje maganda. Kisha kazi ikaanza, na sikuwahi kusikia umati wa watu ukiwa kimya vile. Nzige walikuwa wa baridi na wazito kiganjani. Unawachukua kwa konzi, wanachezesha miguu kidogo, unawatia gunia. Mbele yangu Mama Lorene alikuwa amepiga magoti karibu na mwanamke mmoja wa Kihausa mwenye umri kama wake. Hawana lugha hata moja ya pamoja. Yule mwanamke akashika ganda la kunde, akalitaja kwa jina la Kihausa la kunde: "Wake." Mama Lorene akarudia: "Wake." Akalirudia tena na tena, machozi yanamtiririka, na mikono yake haikuacha kuokota.

Kulipoanza kupambazuka mwanamke mwingine akaanza wimbo, wa chini kabisa, na mistari yote ikaupokea hata wasiojua maneno. Nilitazama huku na huku. Mashina yaliyoinama jana yalikuwa yakiinuka, moja baada ya jingine, nyuma ya migongo ya watu.

Ndipo gari la doria likasimama langoni.

Wimbo ulikatika. Kila mtu aliganda alipo. Nilimwona Rosebellah akiwa na gunia mkononi, anatazama ua, anapima kama ataweza kuruka. Zablon akanong'ona, "Tumeisha."

Mhandisi Turki alitembea hadi langoni bila haraka. Askari alikuwa kijana, ndevu ndio kwanza zinaota. Nilikuwa karibu, nikasikia.

"Hawa ni nani?"

"Wafanyakazi wangu."

"Wana ikama?"

"Mimi ndiye mhandisi wa shamba hili. Yeyote aliye ndani ya ua huu, andika jina langu."

Askari aliangaza tochi juu ya magunia, juu ya nyuso. Kisha akaishusha kwenye jani moja lililokuwa bado limejaa nzige. Akainama. Sauti yake ikabadilika kabisa. "Wallahi, ni jarad! Bibi yangu alikuwa akiwakaanga kwa chumvi."

"Wangu pia," Mhandisi akasema.

"Naweza kupata gunia?"

"Usile. Huenda walipuliziwa dawa walikotoka."

Kijana akasikitika kweli. Alisimama kidogo, halafu akakunja mikono ya shati, akawatoa nzige wa mstari mzima karibu na lango akiwatia kwenye ndoo yetu. Kisha akapangusa mikono, akasema, "Yalla, jua linatoka," akarudi garini, akaondoka.

Jua lilipopanda tulikuwa tumebakiza kona moja. Waliobaki waliinuka kwa mshindo, wakaelekea milimani. Upande wa kaskazini umebaki vijiti. Lakini sehemu kubwa ya shamba imesimama, kijani, na maganda yake.

Nilipogeuka kuwashukuru watu, walikuwa wameshaanza kutoweka, wawili wawili, wakielekea barabarani.

Ijumaa, 8 Februari

Nimelala. Mikono inanuka nzige hadi leo.

Jumapili, 10 Februari. Riyadh

Yule askari aliandika ripoti. Simlaumu, ndiyo kazi yake. Mhandisi amezuiwa kuingia shambani hadi kamati ya idara imsikilize. Watu wasio na karatasi kuingizwa kwenye shamba la serikali ni kosa linaloweza kumfukuzisha kazi. Mimi linaweza kunirudisha nyumbani nikiwa na alama nyekundu kwenye jina.

Nilimfuata ofisini. "Mhandisi, ni mimi niliyewaita. Nitasema."

"Hutasema kitu. Una mkataba."

"Na wewe una kazi."

"Mimi ni wa hapa," akasema. "Watanihamisha. Wewe watakupandisha ndege. Halas."

Jumatano, 13 Februari

Kamati. Chumba kina zulia zito na wazee watatu, wa katikati ana miwani na sauti kavu. Waliuliza swali moja: nani aliwaita wale watu?

"Mimi," Mhandisi akasema.

Nilijua tangu Jumapili kwamba atajibu hivyo. Nikasimama. "Si kweli, mzee. Ni mimi. Nilimpigia simu mwanamke mmoja, akawakusanya."

Mzee wa miwani akaandika. Hapo Mama Lorene naye akasimama, mkalimani pembeni yake. "Ni mimi," akasema. "Mbegu ni zangu. Niliwaambia hawa vijana waziokoe kwa njia yoyote."

Mzee akaweka kalamu chini. "Mama, wewe ni mgeni wetu. Unajua kwamba wale watu hawakuwa na karatasi?"

"Najua. Bwana, watu walioanzisha chuo changu hawakuwa na karatasi hata za kuonyesha kwamba wao ni watu. Waliandikwa pamoja na ng'ombe. Lau mtu angesubiri wapate karatasi ndipo wapande, mimi nisingekuwa hapa, na mbegu hizi zisingekuwepo. Nchi yenu imetualika ili tuwaletee tunachokijua. Hiki ndicho tunachokijua."

Mkalimani alichukua muda wake.  Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Watu watatu," akasema, "na kila mmoja anasema ni yeye. Basi nitaandika kwamba nzige walikuja wenyewe, na watu walikuja wenyewe." Wenzake wakacheka kwa kujizuia. Mhandisi akapewa onyo la maandishi. Tukadhani yamekwisha, lakini mzee akaniita nilipofika mlangoni.

"Yule mwanamke aliyewakusanya. Anataka nini?"

Nikaogopa kumtaja. Kisha nikaona uso wa mzee umelainika, na nikajibu ukweli. "Anataka kwenda kwao. Hana pasipoti, na kafili hataki kumwachilia."

"Mwambie Turki aniletee jambo hilo."

Jumamosi, 2 Machi. Jeddah

Tumevuna. Mama Lorene alipura kwa fimbo, kanga kiunoni. Majani yamepimwa, yanafaa kuliwa, hata ya mimea iliyonusurika karibu na upande ulioliwa. Idara na chuo wataendelea kwa misimu mingine, na Mhandisi amerudi kusimamia. Tulipika sufuria kubwa, tukala tumesimama. Mhandisi aliongezewa mara mbili.

Alhamisi, 7 Machi

Tumemsindikiza Rosebellah uwanja wa ndege. Ubalozi ulimpa hati ya safari, Mhandisi alizunguka ofisi moja hadi nyingine akipeleka jina lake, na kwa msaada wa mzee wa kamati jana ruhusa ya kuondoka ikatoka. Hatafungwa, hatapitishwa kituo cha wanaofukuzwa nchini. Ataondoka kwa mlango wa abiria.

Zablon alivaa shati la kanisani. Mama Lorene alimkumbatia Rosebellah hadi begi likaanguka. Mimi nilimshika mkono tu, nikashindwa kuuachilia.  Miaka yote hiyo, akimwona mtu wa sare, huvuka barabara. Leo ilimbidi amwendee mmoja kwa miguu yake mwenyewe.

Tulimtazama kwenye foleni kupitia kioo. Zamu yake ikafika. Ofisa alimwekesha vidole kwenye mashine, akatazama skrini, akaitazama ile hati, akarudi kwenye skrini. Mhandisi aliacha kupumua. Nilimsikia akiacha.

Kisha ofisa akainua kichwa na kusoma kwa sauti kubwa, akilitafuna kila neno kwa taabu: "Rosebellah. Kagehi. Mudogo?"

Alinyoosha mgongo. Akajibu kwa nguvu hadi watu wa foleni nzima wakageuka, na sisi nyuma ya kioo tukamsikia:

"Ndiye mimi!"

Akapigiwa muhuri, akapita.